Malaika Bila Maneno

Nawasalimu wasikilizaji mlioko Bute na Gurar, Buna na Moyale, Wajir mjini na Garissa, na ninyi madereva mliosimamisha lori kando ya barabara mkingoja chai ichemke. Leo sina mgeni. Nina gita tu, na halijasimama kifuani kama mlivyozoea kuliona. Limelazwa mapajani, uso juu, kama mtoto anayepakwa mafuta. Mkono wangu wa kushoto haubonyezi nyuzi. Umeshika kipande cha chuma cha mviringo, kizito, laini kama kioo, nacho kinateleza juu ya nyuzi bila kuzigandamiza kwenye ubao.

Kwa gita hili nilirekodi wimbo wa Malaika, nyumbani kwa abti wangu, yaani mjomba, pale Bute, bila mwimbaji, bila neno hata moja. Ni dakika tatu na kidogo za sauti, lakini kazi yake ilikula siku tatu, usiku kwa usiku. Nimekuja kuwasimulia kazi hiyo kwa sababu ilinifunza jambo ambalo sikuliendea: ukiyaondoa maneno kwenye wimbo, ndipo unapolazimika kuyajua maneno yenyewe, herufi kwa herufi.

Kwanza chombo. Gita la kulazwa mapajani lilizaliwa visiwani Hawaii, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 kijijini Laie. Alikuwa bado mwanafunzi mjini Honolulu, karibu na mwaka 1889, alipoanza kutelezesha vitu vya chuma juu ya nyuzi, na baadaye akajitengenezea kipande chake maalumu kwenye karakana ya shule. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliitangaza sauti hiyo Marekani nzima, na santuri zikaitembeza dunia. Hata gita la kwanza la umeme kuuzwa madukani, lile la Rickenbacker la mwanzoni mwa miaka ya 1930 ambalo watu walilipa jina la kikaango kwa umbo lake, lilikuwa la kulazwa mapajani. Kwa hiyo kila mpiga solo wa rumba na benga anayechomeka waya kwenye amplifaya ana deni kwa kikaango hicho, awe analijua deni lake au halijui.

Huku kwetu Kenya sauti hiyo ina kisa chake, cha Chemirocha. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, na wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo wa kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha. Jina hilo, kwa matamshi yao, ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika Bonde la Ufa kwa gramafoni. Rodgers huyo mwaka 1929 alirekodi pamoja na Joe Kaipo, mpigaji wa gita la Hawaii. Na ninyi mliokulia kwenye filamu za Kihindi, kwenye yale mabanda ya video ya Garissa na Wajir, sauti hii mmeisikia bila kuambiwa jina lake. Wahindi waliipenda mno. Van Shipley alirekodi nyimbo za filamu moja baada ya nyingine kwa gita la Hawaii, bila mwimbaji, na watu wakanunua santuri hizo kwa sababu kila mnunuzi alikuwa na maneno kichwani tayari.

Gita langu ni la kawaida, la mbao, lenye nyuzi sita. Nimeziinua nyuzi kwenye kidaraja cha juu ili chuma kisigonge shingo. Nyuzi zenyewe nilinunua Nairobi, barabara ya Tom Mboya. Chuma nilipewa na fundi wa malori. Ni pini ya pistoni, ile inayounganisha pistoni na mkono wake ndani ya injini. Imesuguliwa kiwandani mpaka haina hata mkwaruzo, na uzito wake ndio unaofanya sauti iwe nene. Nimejaribu chupa, nimejaribu kipande cha paipu ya maji, na hakuna kilichoishinda pini ile. Nyuzi nimezifunga ili zikipigwa zote wazi zitoe kodi moja kamili ya G. Ukiweka chuma kwenye mstari wa 5 wa shingo unapata C, kwenye wa 7 unapata D, kwenye wa 12 unarudi G ya juu. Malaika kodi tatu hizo zinaitosha.

Ugumu uko kwingine. Kwenye gita la kawaida kidole kinakaa nyuma ya mstari, na mstari wenyewe ndio unaoamua sauti. Hapa mstari ni alama tu, kama jiwe la maili kando ya njia. Chuma lazima kisimame juu yake kabisa, na jicho lako liwe juu ya chuma moja kwa moja. Ukitazama kutoka pembeni kidogo umeshapotoka, na sikio la msikilizaji litajua hata kama hana jina la kuliita kosa hilo. Mkono wa kulia nao una kazi ya kunyamazisha. Kila uzi usiotakiwa lazima uzibwe kwa kiganja, la sivyo wimbo unakuwa kama mkutano ambapo kila mtu anazungumza.

Kwa nini Malaika? Naam, kuna wanaosema wimbo huo umechoka, umeimbwa kila hoteli ya pwani mpaka umekuwa wa watalii. Mimi sikubali, na ukitaka kujua kwa nini sikubali, uchukue uupeleke Wajir Kaskazini, kule Bute. Wimbo unahusu kijana anayempenda binti lakini hana mali ya kumwoa. Nairobi watu husikia mapenzi katika wimbo huo. Bute wanasikia mali. Huko mahari, yaani yarad, huhesabiwa kwa ngamia, na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo. Mizoga ilijaa kando ya njia. Vijana waliokuwa wamekwisha kuagana na familia za wachumba wao waliona ngamia wakianguka mmoja mmoja, na pamoja na kila ngamia ikaanguka sehemu ya arusi. Wapo walioahirisha. Wapo ambao binti aliozwa kwingine. Mtu aliyepita katika hali hiyo humwambii kwamba Malaika ni wimbo wa watalii.

Basi usiku wa kwanza nilikaa kwenye chumba cha nyuma, nikatandika zulia sakafuni na kusimamisha magodoro mawili ukutani ili sauti isirudi. Nilikuwa nimesubiri swala ya Isha imalizike na watu waondoke msikitini. Najua wapo majirani wasioona ala za muziki kuwa jambo jema, na nyumba ya watu ina heshima zake. Nilirekodi kwanza kodi, taratibu, kwa gita jingine. Kisha nikaweka sauti ya mbele kwa gita la mapajani. Nilipomaliza nikamwita abti asikilize. Yeye ni ndugu wa mama yangu, naye huniita abti vilevile, kama ada ya Wasomali ilivyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

“Abti,” akasema, “maneno yako wapi?”

Nikamweleza kwamba huu ni muziki wa ala peke yake, ndivyo unavyorekodiwa. Akatikisa kichwa. “Hapana, hilo nimeelewa. Nauliza, wewe uliyaweka wapi? Maana umepiga kama mtu anayesoma namba za simu.”

Nilikasirika kidogo, nakiri. Lakini nilipolala nikaona ana haki kamili, na haki hiyo ina historia ndefu nyuma yake. Kwa Wasomali neno ndilo lililotangulia. Mashairi makubwa, gabay, yanatolewa kwa sauti ya mtu peke yake, pasipo ala yoyote, na kila mstari unafungwa kwa herufi moja inayorudiwa kutoka mwanzo wa shairi hadi mwisho. Ala zilikuja baadaye, tena zilikuja kama watumishi. Katika miaka ya 1940 Abdi Sinimo, dereva wa lori, ndiye aliyeanzisha balwo, nyimbo fupi za mapenzi. Kisha Abdullahi Qarshe akaingiza udi na kuufanya msingi wa nyimbo za kisasa za Kisomali. Qarshe huyo alizaliwa Moshi, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1924. Napenda kulikumbusha hilo kila nikipata nafasi, kwamba baba wa muziki wa Kisomali alianza maisha katika nchi ya Kiswahili. Hata mikononi mwake udi ulikuwa ukilisindikiza neno. Abti wangu amelelewa katika sikio hilo. Ukimletea sauti bila neno, haoni muziki wa ala. Anaona mzigo uliofungwa vizuri ambao ndani yake hamna kitu.

Usiku wa pili sikurekodi. Nilimwomba abti aniimbie Malaika. Hana sauti ya kuimba, ila maneno yote anayajua, aliyapata kwenye redio ya betri akiwa kijana. Nikayaandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, nikaliegemeza mbele ya gita, nikaanza kupiga huku nikiyasoma kimoyomoyo. Palepale makosa yangu yakajitokeza hadharani. Nilikuwa napumua katikati ya neno. Nilikuwa narefusha silabi ambazo mwimbaji huzipitia haraka, na kukata zile anazozivuta. Chukua jina lenyewe la wimbo, lina silabi nne: ma-la-i-ka. Mkazo uko kwenye ya tatu, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili kuuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mimi nilikuwa nateleza kwa madaha kuelekea silabi ya mwisho, kwa sababu mkono uliona raha kwenda huko. Nilikuwa nalitamka neno kwa lafudhi isiyo ya mtu yeyote.

Hapo nikagundua kwa nini gita hili na Kiswahili vinaelewana. Chuma kikiteleza kwenye uzi bila kuupiga upya, sauti inayotoka ni irabu inayogeuka irabu nyingine. Kidole gumba kikipiga, hapo ndipo konsonanti. Maneno yetu ya asili yote huishia kwa irabu, na karibu kila silabi ni konsonanti moja kisha mlango ulio wazi. Kwa hiyo unaweza kulitamka neno la Kiswahili kwenye chuma karibu lote: piga kwa m, acha iteleze kwa a, piga kwa l, acha iteleze. Pale la na i zinapokutana, usipige, telezesha tu. Nilipoanza kufanya hivyo, mtoto wa abti aliyekuwa akifanya hesabu zake kwenye mkeka aliinua kichwa na kusema, “Hiyo imesema malaika.” Yule hakujua tunafanya nini. Alisikia neno.

Majirani zetu ng’ambo ya mpaka walikwisha kuifanya kazi ya namna hii kwa ustadi ambao mimi sitaufikia. Getatchew Mekurya wa Ethiopia, aliyefariki mwaka 2016, aliuchukua mwito wa vita uitwao shilela, ambao mashujaa waliutoa kwa koo zao, akauhamishia kwenye saksofoni. Msikilizeni. Pumzi ni ya mtu anayepiga kelele mbele ya adui, ijapokuwa mdomoni mwake mna ala. Na kule mbali Nigeria, King Sunny Adé alimpa Demola Adepoju, mpigaji wa gita la chuma la kukanyagia pedali, nafasi iliyosikika wazi kwenye albamu ya Juju Music ya mwaka 1982, na chuma kile kikaketi pamoja na ngoma zinazozungumza kana kwamba kilizaliwa Lagos.

Usiku wa tatu nikarekodi tena. Hapa niwape wale vijana wanaotaka kujaribu mambo machache ya Bute yenyewe, maana hayamo kwenye mafunzo ya watu wa Nairobi. Msirekodi mchana. Nyuzi ni chuma, na chuma kikipata joto hutanuka, nyuzi zinalegea, na sauti inashuka hata kabla wimbo haujafika nusu. Jua la saa tisa litakufungia gita usivyopenda wewe. Ngojeni nyumba ipoe, fungeni nyuzi, subirini robo saa, fungeni tena. Upepo wa usiku unaoshuka kutoka vilimani ni adui mkubwa wa maiki kuliko mbuzi. Ukutani zibeni pengo la dirisha kwa blanketi. Jenereta ya jirani hamwezi kuizima, lakini mnaweza kuuliza huzimwa saa ngapi. Mimi nilitumia betri ya sola na simu, na maiki moja ndogo iliyowekwa shubiri mbili kutoka kwenye tundu la gita, ikielekezwa pale shingo inapokutana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu lenyewe sauti inakuwa ya pipa. Mkwaruzo wa chuma kwenye uzi uacheni. Ni pumzi ya chombo.

Nilipiga mara sita. Mara ya sita abti alikuwa amekaa mlangoni, na mkewe, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiborana, alikuwa nyuma yake amembeba mjukuu. Nilipofika ubeti wa pili nikasikia mtu ananong’ona. Sikusimama. Nilipomaliza nikavua vifaa vya masikioni, nikamkuta mama yule anaendelea kuimba kwa Kiborana, maneno yasiyokuwa tafsiri ya Malaika hata kidogo. Ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto, ameupandisha juu ya sauti ya gita kana kwamba vilipangwa pamoja. Abti naye alikuwa akisema jambo kwa Kisomali, polepole, kwa mpigo wa wimbo, na yule mwanafunzi wa hesabu alikuwa na Kiswahili chake cha shuleni. Nyumba moja, lugha tatu, na kila mmoja ameingia kwenye wimbo kwa mlango wake.

Hilo limenikaa moyoni. Upande huu wa nchi tunajuana kwa lugha kabla ya kujuana kwa majina. Mtu akifungua mdomo umeshajua ni wa ukoo gani, kisima gani, upande gani wa malisho, na yako mambo mazito yaliyowahi kufuata baada ya kujua hivyo. Wimbo wenye maneno nao una lugha yake, kwa hiyo una wenyewe na wageni wake. Wimbo uliopigwa kwa chuma, kama umepigwa na mtu aliyeyabeba maneno kweli, unaacha kiti wazi kwa kila mmoja. Lakini sharti ni hilo la abti: maneno yawepo. Mpigaji asiyeyajua maneno haachi kiti wazi. Anaacha chumba kitupu.

Kuna jambo jingine nalitaka lisikike vizuri, hasa kwa vijana wanaoweka kazi zao mtandaoni. Msidhani kwamba kwa kuwa hamkuimba, basi wimbo ni wa bure. Sauti ya wimbo ina mwenyewe, kama maneno yalivyo na mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda utunzi wa muziki maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Malaika ilirekodiwa na Fadhili William, mwana wa Taita, akiwa na Jambo Boys, karibu na mwaka 1960. Miriam Makeba akaipeleka duniani, akaiimba pamoja na Harry Belafonte kwenye albamu ya mwaka 1965. Boney M. wakaitoa tena mwaka 1981. Juu ya nani aliyeitunga kuna ubishi wa miaka mingi, na wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Fadhili alifariki mwaka 2001. Akihesabiwa yeye kuwa mtunzi, utunzi huo unalindwa hadi mwisho wa 2051. Basi kabla ya kuutoa nje ya simu yako, omba kibali na lipa kinachostahili kulipwa, na jina la mtunzi liandike kabla ya jina lako. Watu waliotunga nyimbo tunazozipenda wengi walikufa maskini huku nyimbo zao zikichezwa arusini kila Jumamosi. Hilo ni doa letu sote tulioimba.

Muda wangu unakaribia. Nitauweka wimbo sasa, ule wa mara ya sita, kama ulivyo. Mtasikia mlango ukilia mahali fulani, na mtasikia sauti ya mama kwa mbali kuanzia ubeti wa pili. Nimemwomba ruhusa, naye amekubali iwepo. Mlio na Kiswahili, imbeni kwa Kiswahili. Mlio na Kisomali au Kiborana, msingoje tafsiri, wekeni maneno yenu. Na wewe kijana uliyeko Buna au Gurar, ambaye ngamia wa mahari hawakuvuka ukame, huu nimekupigia wewe.